Eglantyne Jebb, mwanamke aliyetetea watoto wa adui

Makanisa yetu ya mashariki yanajua maana ya kuamka asubuhi na kukuta watu wamelala ndani ya kanisa, uwanjani na katika vyumba vya shule, kwa sababu walikimbia vita usiku. Kati yao hakosekani mtoto asiyejua mama yake ameshika njia gani. Wamama wanapika uji, mashemasi wanakusanya nguo, kila mtu anafanya anachoweza. Siku chache baadaye maswali yanaanza: nani aliandika jina la yule mtoto? Nani alimruhusu mtu tusiyemjua aondoke naye? Kwa sababu ya maswali hayo tumeona vema kukumbuka maisha ya Eglantyne Jebb. Alifariki miaka mingi iliyopita, lakini kazi yake inatugusa hata leo.

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1876 huko Ellesmere, Uingereza, katika familia iliyokuwa na mali. Mama yake alianzisha chama cha kufundisha watu wa kawaida kazi za mikono, kwa hiyo binti huyu alikua akiona kwamba mwenye nacho ana deni kwa wengine. Alisoma historia huko Oxford, wakati wanawake wachache tu walipata nafasi hiyo. Kisha akaenda kufundisha watoto wa maskini katika shule ya msingi. Kazi hiyo ilimshinda. Afya yake ilikuwa dhaifu, na mwenyewe alitambua kwamba hakuwa na kipaji cha kukaa darasani na watoto. Hakuolewa wala hakuzaa. Tunalisema hili wazi kwa sababu wako kati yetu wanaofikiri kwamba kulinda watoto ni kazi ya wale tu wenye moyo mwepesi wa kucheza nao.

Alipohamia Cambridge alijiunga na chama cha kusaidia maskini. Huko alijifunza jambo ambalo hakuliacha tena: kabla ya kutoa msaada, uliza, hesabu, andika. Mwaka 1906 alitoa kitabu juu ya hali ya maskini wa mji huo. Mwaka 1913 alitumwa Makedonia kupeleka msaada kwa watu waliofukuzwa makwao na vita vya Balkani. Aliona wakimbizi wenye njaa na baridi, akarudi akijua kwamba huruma isiyopangwa huisha haraka, na kwamba mkate wa siku moja haumwondoi mtu katika shida.

Vita vikubwa vya 1914 viliposimama mwezi wa Novemba 1918, njia za bahari za kupeleka chakula Ujerumani na Austria zilibaki zimefungwa. Katika mji wa Vienna watoto walidhoofika, mifupa yao ikapinda kwa kukosa chakula. Waingereza wengi hawakutaka kusikia habari hiyo. Walikuwa wamezika wana wao, na watoto hao walikuwa watoto wa adui. Eglantyne na dada yake Dorothy Buxton hawakukubali hesabu hiyo. Mwaka 1919 Eglantyne aligawa katikati ya London karatasi zenye picha ya mtoto wa Austria aliyekonda kwa njaa. Akakamatwa, kwa kuwa hakuomba ruhusa ya serikali. Mahakamani alijitetea mwenyewe. Hakimu alimtoza pauni 5 tu, na mwendesha mashtaka aliyesimama kumshitaki akatoa pauni 5 mfukoni mwake kwa ajili ya watoto.

Tarehe 19 Mei mwaka huo, katika mkutano mkubwa huko London, ndugu hawa wawili walizindua shirika la Save the Children. Eglantyne, aliyekuwa Mkristo wa kanisa la Anglikana, aligonga kila mlango. Chama cha wafanyakazi wa machimbo ya makaa ya mawe kilichanga. Papa Benedict wa 15 aliwaomba Wakatoliki wa dunia nzima wachange. Hivyo watu waliozoea kuabudu mbalimbali wakajikuta wanatia fedha katika kapu moja.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1921, njaa ilipopiga Urusi. Meli ya shirika ilipeleka tani 600 za chakula na vifaa, na katika eneo la Saratov jiko likafunguliwa baada ya jiko. Kazi ilipofika kilele, watoto karibu 300,000 walikula kila siku. Tazameni jinsi walivyofanya: mtoto aliandikishwa, akapewa kadi, na chakula akakila pale pale jikoni, ili mkubwa mwenye nguvu asimnyang'anye njiani. Kwa utaratibu wa namna hiyo walioshika vijiko waliweza kujua nani amekula na nani hakuonekana tangu jana. Eglantyne alidai msaada uendeshwe na watu waliojifunza kazi yao, wenye kutoa hesabu ya kila senti. Kwake, kutojua hakukuwa udhuru pale uhai wa mtoto ulipokuwa mikononi mwa mtu.

Lakini aliona pia kwamba shirika linaweza kuchoka na fedha zinaweza kukauka. Akiwa Genève aliandika maneno machache ya kuonyesha deni la kila taifa kwa kila mtoto, bila kuangalia kabila, nchi wala dini. Mambo ni matano: mtoto akue vizuri mwilini na rohoni, mwenye njaa alishwe, mgonjwa atunzwe, aliyepotoka arudishwe, yatima apate makao, wakati wa maafa mtoto awe wa kwanza kusaidiwa, afundishwe kujipatia riziki na asinyonywe na mtu, tena alelewe akijua kwamba vipaji vyake ni vya kuwatumikia wenzake. Mwaka 1924 Ushirika wa Mataifa ulipokea maneno hayo.

Eglantyne alifariki Genève tarehe 17 Desemba 1928, akiwa na miaka 52, mwili umechoka kwa ugonjwa wa miaka mingi. Mbegu yake haikufa. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, na nchi yetu, wakati ule Zaire, iliuthibitisha mwaka 1990. Sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto imesimama juu ya msingi huo huo. Leo wafanyakazi wa misaada wanafundishwa kabla ya kutumwa: kumsikiliza mtoto bila kumhoji kama polisi, kutafuta familia yake kabla ya kumpeleka kituoni, kutunza siri yake, kutomdai chochote kwa sababu ya msaada, na kumshitaki mwenzao anayemdhuru.

Basi sisi tufanye nini? Tusingoje magari ya mashirika. Kila kanisa lichague wamama na wababa wawili watatu wenye ushuhuda mzuri, wafundishwe kabla ya wakimbizi kufika. Daftari liwepo. Jina la mtoto, la wazazi wake na la kijiji chake viandikwe siku ile ile ya kwanza. Asitolewe mtoto kwa mgeni, hata akija na Biblia mkononi. Picha yake isisambazwe kwenye simu. Na mtoto wa kabila tunalolilaumu apate uji ule ule, katika kikombe kile kile.

Hapo ndipo ugumu ulipo, tunajua. Wengi wetu tumefiwa. Eglantyne aliwaomba chakula watu waliofiwa pia, na wakatoa. Bwana wetu aliyewapokea watoto mikononi mwake hakuuliza kwanza baba zao walikuwa nani. Atupe moyo wa namna hiyo, na akili ya kufanya kazi hiyo vizuri.