Bwana Storey na Mihogo ya Amani

Katika magazeti ya shule tumezoea kusoma habari za wafalme, majemadari na wavumbuzi wa mitambo. Muhula huu napenda kuwasimulieni maisha ya mtu ambaye hakuunda mtambo wo wote wala hakushinda vita vyo vyote. Kazi yake ilikuwa kutazama majani ya mahindi na mizizi ya mihogo. Jina lake ni Harold Haydon Storey. Wataalamu wa mimea ulimwenguni wanamjua sana, lakini wakulima waliofaidika kwa kazi yake hawakupata kulisikia jina hilo.

Bwana Storey alikuwa Mwingereza, naye alizaliwa mwaka 1894. Yafaa tuukumbuke mwaka huo, maana ndio mwaka ambao Mjerumani mmoja, Warburg, aliandika kwa mara ya kwanza habari za ugonjwa wa mihogo alioupata upande wa Usambara, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Majani ya mihogo hiyo yalikuwa yamejikunja na kuwa na mabaka. Ugonjwa huo ndio tunaouita batobato. Basi, mtoto na ugonjwa vilianza kujulikana mwaka mmoja, ingawa walikuwa bado hawajakutana.

Kabla hajafika kwetu, Bwana Storey alifanya kazi Afrika ya Kusini, huko Natal. Wakulima wa huko walikuwa wakisumbuliwa na ugonjwa wa mahindi unaotia milia ya njano katika majani, hata mmea ukadumaa na kutoa gunzi dogo au usitoe kabisa. Watu wengine walidhani kosa ni la udongo, wengine la mbegu. Bwana Storey alichunguza kwa uvumilivu, na ilipofika mwaka 1925 alikuwa ameandika kwamba ugonjwa huo huchukuliwa na kidudu mdogo sana anayeruka kutoka jani hadi jani akifyonza utomvu. Akifyonza mmea mgonjwa, kisha akaenda kufyonza mmea mzima, huupeleka ugonjwa kama vile mbu apelekavyo homa ya malaria.

Mwaka 1928 alikuja Tanganyika, akawekwa katika kituo cha Amani. Amani iko katika milima ya Usambara ya Mashariki, mkoa wa Tanga, mahali penye misitu, ukungu na mvua nyingi, ambapo mtu wa Tukuyu asingejiona mgeni sana. Wajerumani walianzisha kituo cha kuchunguza mimea hapo mwaka 1902. Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza walikifufua ili kisaidie nchi zote za Afrika ya Mashariki.

Huko Amani Bwana Storey hakuwaacha vidudu wake wa mahindi. Aligundua kwamba wako wa namna mbili: wengine huweza kuchukua ugonjwa, na wengine hawawezi hata wakifyonza mmea mgonjwa kutwa nzima. Tena uwezo huo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Mwaka 1933 alitangaza jambo la ajabu zaidi. Alichukua sindano nyembamba, akawatoboa tumboni wale vidudu wasioweza kuchukua ugonjwa. Baada ya hapo wakaweza! Hivyo akaonyesha kwamba ukuta wa utumbo wa kidudu ndio mlango uliofungwa, na ugonjwa ukipata njia ya kupenya ukuta huo, kidudu huwa mchukuzi wake. Hebu wafikirieni wadudu wenyewe, ambao mwili wao hauzidi punje ya mchele! Kazi kama hiyo inataka mkono mtulivu na moyo usiochoka.

Lakini kazi iliyogusa chungu cha mkulima ni ile ya mihogo. Mihogo si zao la asili la Afrika. Ililetwa na Wareno kutoka Amerika ya Kusini zamani, ikapendwa kwa sababu huvumilia ukame na huweza kukaa ardhini muda mrefu ikingoja njaa. Kwa sababu hiyo serikali ya kikoloni iliwaamuru watu wa wilaya nyingi za Tanganyika kupanda mihogo iwe akiba. Mwaka wa mvua chache, shamba la mihogo ndilo lililokuwa ghala la nyumba nzima.

Sasa fikirini hasara inayopatikana ghala hilo likiugua. Batobato hudumaza mti, na mizizi huwa myembamba kama vidole. Isitoshe, mwaka 1936 Bwana Storey alieleza ugonjwa wa pili, ambao ulikuwa haujapata kuandikwa po pote duniani. Leo tunauita michirizi ya kahawia. Huu ni mdanganyifu kuliko ule wa kwanza. Pengine mti husimama vizuri na majani yake hayatishi. Mama wa nyumba huchimba, hupata mhogo mnene, huupeleka jikoni kwa furaha. Anapoumenya hukuta ndani uozo mkavu wa rangi ya kahawia, usiofaa kuliwa na mtu. Siku hiyo ndipo anapojua kwamba akiba aliyoitegemea haipo. Watu wa pwani ya Bahari ya Hindi na wa kando ya Ziwa Nyasa waliujua ugonjwa huo kwa macho yao. Wengine walizoea kung'oa mihogo mapema kabla uozo haujaingia, lakini aliyeng'oa mapema alipata kidogo.

Magonjwa haya yote mawili huletwa na virusi, vijidudu vidogo kiasi cha kutoonekana hata kwa darubini ya kawaida, na mpandaji mwenyewe huyaeneza bila kujua. Tunavyojua, mihogo haipandwi kwa mbegu bali kwa pingili. Mti mmoja hukatwa vipande, na kila kipande huota. Uzuri wake ni kwamba jirani anaweza kumpa jirani mzigo wa pingili bila kutoa hata senti moja. Ubaya wake ni kwamba mti mgonjwa ukikatwa vipande 10, huzaa wagonjwa 10. Bwana Storey pamoja na mwenzake, Bwana Nichols, walionyesha pia mwaka 1938 kwamba batobato huchukuliwa na nzi weupe wadogo wakaao chini ya majani.

Ingefanyika nini? Dawa ya kumponya mmea mwenye virusi haikuwapo, na hata ingekuwapo, mkulima wa kijijini angeinunua kwa fedha gani? Wataalamu wa Amani wakaona kwamba msaada unaofaa ni ule utakaokaa ndani ya mmea wenyewe. Wakakusanya aina nyingi za mihogo kutoka nchi mbali mbali, wakazipanda mahali penye ugonjwa mkali. Hakuna hata moja iliyostahimili kiasi cha kuwaridhisha.

Hapo wakageukia jamaa wa mhogo wasioliwa. Mmoja wao alikuwa karibu sana. Kabla ya mwaka 1914 Wajerumani walikuwa wamepanda mashamba makubwa ya mpira wa Ceara katika tambarare za Tanga. Bei ya mpira ilipoanguka, miti hiyo ilipoteza thamani. Kumbe mti huo ni ndugu wa mhogo! Bwana Storey na Bwana Nichols wakachukua mbelewele za mpira na kuzitia katika maua ya mhogo. Watoto waliozaliwa walikuwa na nguvu ya kupinga magonjwa, lakini mizizi yao haikuwa na faida jikoni. Ikawabidi kuwaoza watoto hao na mhogo wa kawaida, kisha wajukuu, kisha vitukuu, na kila mara kuchagua miti michache iliyorithi afya ya mpira na mizizi ya mhogo. Baada ya kuwarudisha kwa mhogo mara tatu, ndipo walipopata miti ya kuliwa.

Wanafunzi wenzangu, kila mzunguko mmoja ulichukua miaka. Mihogo haifanyi haraka kwa ajili ya mtu ye yote. Katikati ya kazi hiyo vita kuu ya pili ilianza na kumalizika. Mwaka 1946 Bwana Storey alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, heshima kubwa miongoni mwa wataalamu. Baadaye alihamia Muguga, karibu na Nairobi, ambako kituo kipya cha kilimo na misitu cha Afrika ya Mashariki kilianzishwa mwaka 1948. Kazi ya mihogo huko Amani iliendelezwa na Bwana Jennings tangu mwaka 1951 hata mwaka 1957, iliposimama. Bwana Storey alifariki mwaka 1969, akiwa mtu mzima wa umri wa zaidi ya miaka 70.

Mtu angeweza kusema kwamba hadithi imekwisha hapo: kituo kimefungwa, wataalamu wameondoka, vitabu vimewekwa kabatini. Lakini mihogo yenyewe ilikuwa safarini. Mbegu kutoka Amani zilipelekwa Nigeria, na mwaka 1958 mmoja wa miti iliyotokana nazo ulichaguliwa huko Ibadan. Tangu miaka ya 1970, wataalamu wa Ibadan waliutumia mti huo kuzalisha aina mpya. Aina mojawapo ilifika Uganda, ikaitwa Migyera. Batobato kali ilipoteketeza mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990 na kuleta njaa, aina hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizowarudishia watu chakula. Hivyo mjukuu wa Amani alirudi Afrika ya Mashariki kwa njia ya mzunguko mrefu.

Liko jambo jingine linalonifurahisha zaidi. Kusini mwa Tanzania wakulima wana mhogo uitwao Namikonga. Katika pwani ya Kenya wako wakulima wenye mhogo uitwao Kaleso. Miaka mingi baada ya kituo kuacha kazi hiyo, wataalamu walilinganisha chembe za urithi za mihogo hiyo, wakakuta ni mmea mmoja, tena ni ule ule uliozalishwa Amani. Michirizi ya kahawia ilipoanza kuenea Uganda na kandokando ya Ziwa Victoria tangu mwaka 2004, wazalishaji wa mbegu waliutafuta mhogo huo kwa sababu ya nguvu yake. Na ni nani aliyewatunzia? Ni mkulima. Alikata pingili, akapanda, akampa shemeji yake, naye akampa jirani yake. Aliupa jina la lugha yake, akausahau mji ulikotoka, lakini hakuuacha ufe.

Kwa hiyo nionavyo mimi, kitu kipya cha kilimo hakikamiliki kinapotoka kituoni. Hukamilika kinapokubaliwa nyumbani. Mkulima hakukosa akili alipouliza kama mhogo mpya ni mtamu, kama utachimbika kwa urahisi, kama pingili zake zitapatikana mwakani. Maswali hayo ndiyo yaliyowafanya wataalamu wa Amani wasiridhike na mti wenye afya tu, bali waurudishe kwa mhogo mara tatu mpaka uwe chakula. Na amri peke yake haitoshi. Watu waliamriwa kupanda mihogo, lakini Namikonga iliishi kwa sababu watu waliitaka.

Sisi wa Rungwe chakula chetu ni ndizi, mahindi na viazi zaidi ya mihogo, ingawa jamaa zetu wa Kyela, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya hii, huijua mihogo vema. Lakini sheria ni ile ile. Chipukizi la mgomba lililotoka katika shina gonjwa hupeleka ugonjwa shambani, na kiazi cha mbegu kilichochaguliwa ovyo huzaa viazi vibaya. Tutakaporudi nyumbani kwa likizo, wazazi watatupa majembe kama kawaida. Kabla ya kupanda, tutazame mmea tunaoutoa mbegu: je, ni mzima? Mgonjwa ung'olewe, mzima ugawiwe kwa jirani. Bwana Storey alianza na jambo hilo hilo, kutazama jani kwa makini, na jambo hilo halihitaji darubini wala fedha.