Spicer-Simson: Nahodha aliyepandisha mashua milimani hadi Ziwa Tanganyika

Wapenzi wa vyombo vya majini wa zamani hawachoki kuzizungumzia mashua mbili za mbao zilizoitwa Mimi na Toutou. Hazikuwa kubwa wala za kutisha. Kila moja ilikuwa na urefu wa takriban mita 12, na unene wa mbao zake za mkangazi haukufikia sentimita moja. Zilitengenezwa Uingereza na kampuni ya Thornycroft, na mnamo mwaka wa 1915 zikafikishwa katikati ya Afrika kupitia baharini, kwa reli, kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya mamia ya wanakijiji, ili zikapigane na meli za Wajerumani katika Ziwa Tanganyika.

Aliyepewa amri ya msafara huo ni Geoffrey Basil Spicer-Simson, afisa ambaye wakuu wake walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa.

Spicer-Simson alizaliwa mnamo Januari 15, 1876, katika mji wa Hobart, kisiwani Tasmania. Wazazi wake walihamia Ufaransa angali mdogo, na huko akajifunza Kifaransa, lugha ambayo baadaye ilimfaa kuliko ujuzi wake wote wa vita. Alijiunga na Jeshi la Wanamaji la Uingereza mnamo 1890, akiwa na umri wa miaka 14. Alifanya kazi za upimaji nchini China na katika mto Gambia, na katika fani hiyo hakuna aliyemlaumu. Palipohitajika kuamuru manowari, hata hivyo, mikosi ilimfuata kama kivuli. Chombo kimoja alichokiongoza kiligonga mashua na kuizamisha, na mtu mmoja akapoteza maisha. Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka alipewa zamu ya kulinda pwani ya kusini mashariki mwa Uingereza, na mnamo Novemba 11, 1914, manowari yake, Niger, ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani karibu na mji wa Deal, naye akiwa nchi kavu, hotelini. Aliondolewa baharini akapelekwa ofisini. Wenzake wa rika lake walikuwa wamempita vyeo kitambo.

Tabia yake haikumsaidia. Alikuwa mtu wa majigambo, mwenye kusimulia visa vya uwindaji na vita ambavyo wasikilizaji wake hawakuviamini, na mwili wake ulijaa chale za nyoka na wanyama wengine. Hakuwa mtu wa kukaa kimya hata pale kimya kilipokuwa na faida.

Wakati huo Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670, lilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Upande wa magharibi palikuwa na Kongo ya Wabelgiji na upande wa mashariki koloni la Kijerumani, Tanganyika ya baadaye. Mnamo Agosti 1914 Wajerumani waliishambulia na kuilemaza meli ya Kibelgiji iliyoitwa Alexandre Del Commune, na tangu hapo walisafirisha askari wao kutoka Kigoma hadi kusini mwa ziwa bila kuulizwa na yeyote. Walikuwa na meli ndogo mbili, Hedwig von Wissmann na Kingani. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na uzito. Graf von Götzen iliundwa mjini Papenburg, Ujerumani, mnamo 1913, ikafumuliwa, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli hadi Kigoma, ambako fundi Anton Rüter na wenzake waliiunga upya msumari kwa msumari. Ilishushwa majini Februari 1915. Ilikuwa na urefu wa takriban mita 70.

Mwindaji mmoja, John Lee, alikwenda London mnamo Aprili 1915 akamwelezea Admirali Sir Henry Jackson kwamba mashua ndogo zenye kasi zingeweza kuvushwa Kongo hadi ziwani. Shauri hilo lilikubaliwa. Kilichokosekana ni afisa wa kuliongoza, kwa maana wenye sifa walikuwa vitani tayari, na Spicer-Simson alikuwapo mezani kwake, anajua Kifaransa na amepata kufanya kazi Afrika. Uteuzi wake haukutokana na imani ya mtu yeyote.

Pendekezo lake la kwanza lilikuwa kuziita mashua hizo Paka na Mbwa. Wakuu walikataa. Akarudi na majina Mimi na Toutou, nao wakayapitisha, pengine bila kutambua kwamba ndivyo watoto wa Ufaransa wanavyowaita paka na mbwa. Kwa msomaji wa Kiswahili jina la mashua ya kwanza lina ucheshi wa aina nyingine, na kwa kiongozi aliyejipenda kiasi kile halikukosea sana.

Katika majaribio mtoni Thames, mashua hizo zilionyesha kwamba zinaweza kukimbia maili 19 za baharini kwa saa. Kila moja ilifungwa mzinga mdogo upande wa omo na bunduki ya rashasha upande wa tezi. Mzinga ulipofyatuliwa kwa mara ya kwanza, uling'oka pamoja na mpigaji wake wakatumbukia majini, kwa kuwa haukuwa umekazwa sawasawa. Tangu hapo ilieleweka kwamba mzinga ule ungepigwa kuelekea mbele tu, la sivyo mashua yenyewe ingepasuka.

Msafara uliondoka Uingereza mnamo Juni 15, 1915, ndani ya meli Llanstephan Castle, ukafika Cape Town mapema Julai. Kutoka hapo mashua zilipakiwa kwenye garimoshi hadi kituo cha Fungurume, Katanga, mwisho wa reli, ambako zilifika mwanzoni mwa Agosti. Mbele yao palikuwa na msitu na milima ya Mitumba, mwendo wa takriban kilomita 235 usio na barabara.

Ugumu wa safari hiyo haueleweki kwa kutazama ramani. Njia ilipanda hadi zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mwinuko usiotofautiana sana na ule wa mji wa Kitale. Mkazi wa Bungoma anayetaka kupata picha yake na afikirie mashua ya mita 12 ikivutwa kutoka Matulo hadi Kitale, lami ikiwa bado haijazaliwa, kila kijito kikidai daraja lake na kila mteremko ukitishia kuivunja vipande vipande. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa kwa magogo. Matrekta mawili ya mvuke yalitangulia, mara yakizama kwenye udongo, mara yakivunja daraja lililojengwa jana yake. Yaliposhindwa, ng'ombe walifungwa nira. Na pale ambapo hata ng'ombe hawakuweza, kamba ilipitishwa kwenye roda iliyofungwa mtini kileleni, ng'ombe wakaswagwa kushuka, na kwa kushuka kwao mashua ikapanda.

Matrekta hayo yalikunywa maji kuliko mifugo. Kiangazi kilikuwa kimekausha vijito, na mara kwa mara msafara ulisimama hadi wanawake wa vijiji vya karibu walipoleta maji vichwani kwa vyungu, baada ya kutembea masafa marefu. Kumbukumbu za Waingereza zimetunza majina ya maafisa, mafundi na daktari wa msafara, Hother Hanschell. Majina ya wanawake hao hayamo, wala ya mamia ya wanaume waliofyeka msitu, wakakata magogo na kuvuta kamba. Hesabu yoyote ya sifa za Spicer-Simson isiyowataja ina kasoro. Ni dhuluma ile ile iliyowapata vijana wa magharibi mwa Kenya na kwingineko waliochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi katika vita hivyo hivyo, ambao makumi ya maelfu yao hawakurudi, na ambao kumbukumbu yao inayosikika zaidi ni jina Kariakoo mijini Nairobi na Dar es Salaam.

Mwishoni mwa Septemba mashua zilifika Sankisia bila kuvunjika. Reli fupi ikazipeleka Bukama, kisha zikashuka mto Lualaba, ambao maji yake yalikuwa machache kiasi kwamba mapipa matupu yalifungwa chini yake ili zielee juu zaidi. Reli nyingine kutoka Kabalo ikazifikisha ukingoni mwa ziwa, karibu na mahali panapoitwa Kalemie leo, mwishoni mwa Oktoba. John Lee, mwenye wazo lenyewe, hakuwapo kushuhudia: aliondolewa katika msafara njiani.

Ilibidi kwanza bandari ndogo ijengwe kwa mawe ili mawimbi yasizivunje mashua. Katika miezi hiyo wenyeji Waholoholo walipata nafasi ya kumtazama vizuri kiongozi wa wageni. Alizoea kuvaa sketi ya kaki aliyoshonewa na mkewe, jambo lililowachekesha Wabelgiji, na alioga hadharani, chale zake zikionekana na kila mtu. Wenyeji walimpa jina la Bwana Chifungatumbo, kwa ajili ya vazi lile alilolifunga tumboni. Vinyago vya udongo vilifinyangwa kwa mfano wake. Maafisa wake walimwona kuwa kichekesho, naye alizidi kusadiki kwamba anaheshimiwa.

Asubuhi ya Jumapili, Desemba 26, 1915, wakati wa ibada, Kingani ilionekana ikipita. Mimi na Toutou ziliingia majini na kuifuata kutoka nyuma. Kingani ilikuwa na mzinga omo tu; haikuweza kuwapiga waliokuwa nyuma yake bila kugeuka, na kila ilipogeuka mashua ziligeuka nayo. Mapigano yalikwisha kwa takriban dakika 11. Nahodha Mjerumani aliuawa pamoja na baadhi ya mabaharia wake, wengine wakatekwa, na mbuzi aliyekuwa ndani akatoka salama. Meli hiyo ilizibwa matundu, ikapewa mzinga mkubwa zaidi na jina jipya, Fifi. Spicer-Simson akapandishwa cheo kuwa kamanda.

Mnamo Februari 9, 1916, Hedwig von Wissmann ilikuja kuitafuta Kingani. Spicer-Simson aliongoza akiwa ndani ya Fifi, ambayo mwendo wake ulikuwa mdogo na makombora yake yakaanza kupungua. Mimi, kinyume cha amri, ilitangulia mbele kwa kasi na kumchelewesha adui, hadi Fifi ilipomfikia na kumpiga kwa mojawapo ya makombora yake ya mwisho. Hedwig ilizama. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake wa robo karne, Spicer-Simson alikuwa shujaa.

Siku iliyofuata Götzen yenyewe ilitokea, ikitembea polepole. Mabaharia walijiandaa kuondoka, lakini kamanda alikataa kutoa amri, akaingia ndani. Wengi wao hawakumsamehe. Hata hivyo, katika jambo hili lawama imezidi kipimo. Götzen ilikuwa imefungwa mzinga wa sentimita 10.5 uliotolewa katika manowari Königsberg, ambayo mabaki yake yalilala katika delta ya mto Rufiji. Kombora moja tu la mzinga huo lingetosha kuigeuza mashua ya mkangazi kuwa kuni.

Kisa cha Bismarckburg, Kasanga ya leo, ndicho kisichoteteeka. Mnamo Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliikaribia ngome hiyo kwa nchi kavu, na kazi ya Spicer-Simson ilikuwa kuziba njia ya ziwani. Aliiona mizinga juu ya ngome, akajitenga nayo. Usiku Wajerumani wakaondoka kwa mashua bila kuzuiwa. Askari walipoingia asubuhi waligundua kwamba mizinga iliyomtisha kamanda ilikuwa ya mbao. Muda si mrefu afya yake ilizorota, daktari Hanschell akamrudisha kwao. Alitunukiwa nishani, lakini hakukabidhiwa tena chombo cha vita.

Götzen haikuzamishwa na Mwingereza yeyote. Ndege za Wabelgiji ziliishambulia Kigoma, na mji ulipokuwa karibu kutekwa, mnamo Julai 26, 1916, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi. Kabla ya hapo mafundi wake walizipaka injini grisi nyingi, kwa matumaini kwamba iko siku itaibuliwa. Waingereza waliiibua mwaka wa 1924, na mnamo Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Ilibeba abiria, dagaa na mahindi kwa vizazi kadhaa, mnamo 1997 ikawarejesha Kongo maelfu ya wakimbizi, na mnamo 2015 ikawachukua Warundi waliokuwa wamekwama ufukoni Kagunga na kuwafikisha Kigoma.

Inaaminika kwamba kisa cha mashua hizo ndicho kilichompa C. S. Forester mbegu ya riwaya yake ya mwaka wa 1935, The African Queen, iliyogeuzwa kuwa filamu mwaka wa 1951. Filamu hiyo ilipigwa Uganda na Kongo.

Spicer-Simson alirudi katika kazi aliyoiweza. Alikuwa mkalimani katika mkutano wa amani wa Versailles, na kuanzia 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa Ofisi ya Kimataifa ya Upimaji wa Bahari mjini Monaco, chombo kilichoyapatanisha mataifa katika uchoraji wa ramani za bahari. Alifanya kazi hiyo kwa miaka 16 bila kuzamisha chochote. Baadaye alihamia Kanada, na mnamo Januari 29, 1947, akafariki katika jimbo la British Columbia akiwa na umri wa miaka 71.