Joseph Kiwele, mwalimu wa muziki ya Katanga

Tukitaja wakubwa ya Katanga, tunaanzia kwa siasa na shaba. Tusisahau Joseph Kiwele, mwalimu wa muziki. Alizaliwa 1912. Kule Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, alifundisha watoto kusoma noti. Alitunga Misa ya Katanga, yenye kuimbwa na kwaya ya Msalaba wa Shaba. Ile misalaba, wazee wetu walikuwa wanalipa nayo kama feza.

Mwaka 1960 Tshombe alimufanya waziri wa elimu. Yeye njo alitunga wimbo wa taifa, La Katangaise. Akakufa 1961. Januari 1963 Katanga ya Tshombe ikaisha, wimbo ukanyamaza pamoja na bendera. Lakini Misa haina bendera: kwaya yoyote inaweza kuiimba.