Hornby: Mwalimu aliyewafunza wageni siri ya maneno ya Kiingereza

Mtoto wa Kitale au Bungoma mara nyingi huanza shule akizungumza Kibukusu, Kisabaoti au Kiswahili, ilhali mitihani mingi humngoja kwa Kiingereza. Wengi hukariri orodha ndefu za maneno na maana zake, kisha hushangaa insha zao zinaporudishwa zikiwa na alama nyekundu. Tatizo hilo ndilo lililomshughulisha Albert Sydney Hornby, ambaye kamusi yake ya Oxford imepitia mikononi mwa vizazi vya wanafunzi wa Kenya.

Hornby alizaliwa mjini Chester, Uingereza, mwaka wa 1898. Mnamo 1924 alisafiri hadi Japani kufunza fasihi ya Kiingereza. Punde si punde aling'amua kwamba wanafunzi wake walihitaji lugha yenyewe kabla ya fasihi.

Mjini Tokyo alishirikiana na mtafiti Harold Palmer. Kisha, pamoja na wenzake Gatenby na Wakefield, akaandaa kamusi ya mtu anayejifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni. Mbali na kueleza maana, kamusi hiyo ilionyesha jinsi kila kitenzi kinavyotumika katika sentensi.

Kwa mfano, mwanafunzi anayejua kuwa suggest ni kupendekeza anaweza kuandika he suggested me to go, akifuata muundo wa alinishauri niende. Maana anaijua, lakini sentensi ina kosa, kwa kuwa kitenzi hicho hakikubali muundo huo.

Desemba 1941, Japani ilipoingia vitani dhidi ya Uingereza, Hornby alizuiliwa. Kamusi yake ilichapishwa Tokyo mwaka wa 1942, mwaka ambao yeye aliondoka nchini humo. Oxford iliichapisha upya mnamo 1948, nayo ikaenea ulimwenguni kote.

Hornby hakujilimbikizia matunda ya jasho lake. Mwaka wa 1961 alianzisha wakfu wa kuwasaidia walimu wa Kiingereza kutoka mataifa mengine kupata mafunzo zaidi. Alifariki mwaka wa 1978 akiwa na umri wa miaka 80.

Mwanafunzi anayefungua kamusi hiyo leo asiishie kwenye maana. Asome pia mfano uliotolewa, kisha atunge sentensi yake mwenyewe. Maneno matano yaliyoeleweka hivyo yatamfaa kuliko hamsini ya kukariri.