Ranggawarsita, Malenga wa Mwisho wa Surakarta

Wanachama wenzangu, mwaka huu nawaletea malenga wa mbali, si Muyaka wala Shaaban Robert tuliowazoea. Anaitwa Ranggawarsita, wa kisiwa cha Java nchini Indonesia. Jina ni refu, lakini likate vipande na litatamkika.

Alizaliwa mwaka 1802 mjini Surakarta, akaitwa Bagus Burham. Kwao kulikuwa ukoo wa waandishi wa mfalme. Mzee wao Yasadipura wa kwanza aliiandika Ramayana upya kwa Kijava cha wakati wake, ingawa jumba lile lilikuwa la Waislamu. Vitabu vya Kihindu hawakuvitupa.

Kijana mwenyewe, lo! Alipelekwa Tegalsari, karibu na Ponorogo, akasome dini kwa Kyai Kasan Besari. Inasimuliwa kwamba pesa zake ziliishia kwenye kamari, kisha akatoroka na mtumishi wake Tanujaya. (Jamani, msiige!) Baadaye alirudi, akatulia, akasoma mpaka wenzake wakashangaa.

Vita vya Java vya 1825 hadi 1830 viliwaumiza sana. Baba yake alikamatwa na Waholanzi. Vita vilipokwisha, mfalme alibaki na jumba na sherehe, amri zikawa za Waholanzi. Ndipo mwaka 1845 Ranggawarsita akafanywa malenga wa jumba, cheo wanachokiita pujangga. Wajava walikwisha kupoteza nchi, sasa je, wapoteze na hadithi za wazee wao?

Jibu lake limo katika kitabu kiitwacho Paramayoga. Humo aliandika shajara moja ndefu. Nabii Adamu alimzaa Sis. Sis naye akapata Anwas na Anwar. Kizazi cha Anwas ni mitume. Anwar mwenyewe ndiye aliyeitwa Nurcahya, kisha akaja Nurrasa, ukishuka hivyo hivyo mpaka Batara Guru, ambaye ni yule yule Shiva wa Wahindu! Kwa hiyo miungu ya Ramayana ikawa jamaa ya mitume, upande wa baba mdogo.

Wako watakaosema huo ni mchafuko, mtu achague moja. Mimi naona kuna hesabu kali ndani yake. Mwenye asili kwa Adamu ni kiumbe, haabudiwi. Basi Mwislamu wa Java aliweza kukesha akitazama wayang, ule mchezo wa vivuli vya vikaragosi, bila kumwacha Mola wake. Ila Mhindu wa kisiwa jirani cha Bali angekuwa na haki ya kuuliza mbona mungu wake ameteremshwa cheo.

Uzeeni alikuwa na uchungu. Utungo wake Kalatidha unalalamikia zama za wazimu, ambapo mwaminifu hukosa na mlaghai hupata. Alifariki tarehe 24 Desemba 1873, akazikwa kijijini Palar, wilaya ya Klaten. Wapenzi wake huamini kwamba siku hiyo alikwisha kuitaja mwenyewe katika shairi.