Wendell Scott na Kombe Lililochelewa

Tarehe 1 Desemba 1963, kwenye uwanja wa vumbi wa Jacksonville, Florida, dereva mmoja alimaliza mizunguko yake 200 akaangalia mstari wa mwisho. Bendera ya vimraba vyeusi na vyeupe haikupepea. Akadhani amehesabu vibaya, akaendelea kukanyaga mafuta. Alifika mzunguko wa 202, na hapo wakamtangaza Buck Baker kuwa mshindi, dereva Mzungu aliyekuwa nyuma yake kwa mizunguko miwili. Baker akapewa kombe na kupigwa picha.

Dereva aliyepunjwa ni Wendell Scott. Habari zake nilikutana nazo maktaba nikitafuta kitu kingine kabisa cha asaimenti, na tangu siku hiyo hazijanitoka. Sababu nitaisema mwishoni.

Scott alizaliwa mwaka 1921 Danville, Virginia, mji wa viwanda vya pamba na tumbaku. Mapema kabisa alijiapiza kwamba hatafanya kazi kwenye viwanda hivyo. Baba yake alikuwa mtu wa magari, na ufundi akaurithi kwake. Akaendesha teksi, kisha Vita Kuu ya Pili ikamkuta fundi magari katika jeshi la Marekani huko Ulaya, jeshi ambalo bado lilitenganisha weusi na weupe. Aliporudi akafungua gereji, na usiku akawa anasafirisha gongo. Tusimpambe, ndivyo ilivyokuwa. Biashara hiyo ilitaka gari linalokimbia kuliko la polisi, na la kwake lilikimbia.

Mwaka 1952 waandaaji wa mbio pale Danville walitaka dereva mweusi, si kwa kupenda haki, bali kwa kutaka viingilio. Wakawauliza polisi ni mweusi gani wa pale mjini mwenye mbio zaidi. Polisi hawakuhitaji kufikiri, maana walikuwa wameshamfukuza sana. Ndivyo Scott alivyoingia uwanjani, huku wengine wakimzomea.

Kuingia kwenye mbio za NASCAR, chombo kinachosimamia mashindano haya Marekani, kulikuwa kazi nyingine. Mara kadhaa alifika na gari lake akarudishwa kwa sababu ya rangi yake tu. Hakuacha. Mwaka 1959 akawa bingwa wa daraja lake jimboni Virginia, na mwaka 1961 akapanda daraja la juu kabisa. Wenzake walikuwa na kampuni za magari nyuma yao. Yeye alikuwa na gari kuukuu, spea zilizotumika, na wanawe ndio mafundi wake. Hoteli nyingi zilimkataa. Kuna viwanja vilivyomfungia geti. Na akigongwa kwa makusudi, ilimbidi ameze, kwa sababu kama angelipiza pale pale huenda asingeruhusiwa kurudi tena.

Sasa turudi Jacksonville. Scott alidai karatasi za mizunguko zihesabiwe upya. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wameshaondoka, waamuzi walikubali kwamba yeye ndiye mshindi. Maelezo yao yalikuwa kwamba waliohesabu walikosea. Mwenyewe aliamini kwamba hawakutaka mtu mweusi asimame na kombe mbele ya umati, pembeni ya mrembo wa Kizungu anayembusu mshindi. Pesa alipewa. Kombe lenyewe lilishaondoka na Baker.

Hakushinda tena katika daraja hilo, ingawa alishindana mara 495, na mwaka 1966 alimaliza wa sita katika msimamo wa mwaka mzima. Ajali kubwa ya Talladega, Alabama, mwaka 1973 ilimvunja mifupa, na mbio zake zikaishia karibu hapo. Alifariki Desemba 1990. Mwaka 2015 jina lake liliingizwa kwenye jumba la heshima la NASCAR. Mwaka 2021 familia yake ikakabidhiwa kombe la Jacksonville uwanjani Daytona, mbele ya watu. Miaka karibu 58 ilikuwa imepita.

Sababu yangu ni hii. Mwaka jana nikiwa field, nilitangaza mstarini aliyeongoza jaribio la Hisabati kidato cha kwanza. Alikuwa mvulana, nikampa madaftari, shule nzima ikapiga makofi. Jioni nikipitia karatasi nikagundua nimekosea kujumlisha alama za binti mmoja. Wa kwanza alikuwa yeye. Kesho yake nikamwita pembeni, nikarekebisha alama kwa kalamu nyekundu, nikampa madaftari na yeye. Akasema asante, akaondoka. Mstarini sikurudi. Niliona aibu, nikajiambia alama si nimesharekebisha bwana, yameisha.

Waamuzi wa Jacksonville nao walirekebisha. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa usiku ule ule. Lakini watu walioona mwingine akibeba kombe walikuwa wameshalala.

Field ya mwaka huu nimeomba nipangiwe shule ile ile. Binti yule sasa yupo kidato cha pili. Mstarini pale ni Jumatatu asubuhi, na wote waliopiga makofi siku ile bado wapo.