Bill Wilson: Mlevi Aliyetafuta Mlevi Mwenzake

Juma hili nataka tumwangalie mtu ambaye hakuwa mchungaji wala mwinjilisti, lakini maisha yake yanajibu swali ninaloulizwa sana hapa kanisani: mtu akishaokoka, kwani bado ana haja ya kuketi kwenye mikutano ya watu wanaoacha pombe? Si aombe tu?

Bill Wilson alizaliwa tarehe 26 Novemba 1895 huko East Dorset, jimbo la Vermont, Marekani. Wazazi wake walitengana akiwa mtoto, akalelewa na babu na nyanya. Pombe aliianza akiwa afisa kijana wa jeshi, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1918 alimwoa Lois, akaingia biashara ya hisa New York, akashika pesa, kisha 1929 soko likaporomoka. Lakini tusidanganyane, chupa ilikuwa imeshamshika kabla ya hasara hiyo. Ikafika mahali Lois ndiye analisha nyumba kwa mshahara wa dukani, na mzee anarudi amelewa chakari.

Mwishoni mwa 1934 alitembelewa na rafiki yake wa kunywa, Ebby Thacher. Ajabu ni kwamba siku hiyo Ebby alikataa glasi. Alikuwa amempata Mungu kupitia kundi la Kikristo lililoitwa Oxford Group. Desemba hiyo Bill akalazwa Towns Hospital, na haikuwa mara ya kwanza. Pale kitandani alimlilia Mungu, na kwa ushuhuda wake chumba kikajaa nuru. Hakuonja pombe tena mpaka kufa.

Sisi Wapentekosti tungeishia hapo, tupige vigelegele, tufunge kwa maombi. Naomba tusifunge bado.

Miezi iliyofuata Bill aliwakimbilia walevi akiwahubiria ile nuru yake. Hakuna hata mmoja aliyeacha. Daktari wake, William Silkworth, akamshauri apunguze mahubiri na aanze kwa kuwaeleza jinsi pombe inavyomfunga mtu mwili na akili. Lois naye akamkumbusha kwamba ingawa wale hawakuacha, yeye mwenyewe alikuwa hajanywa.

Mei 1935 alisafiri hadi Akron, Ohio, kwa shughuli ya biashara. Ikaharibika. Akabaki peke yake kwenye hoteli ya Mayflower, mfuko karibu mtupu. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa, watu wanacheka. Upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Huyu ni mtu aliyeona nuru miezi mitano tu iliyopita, jamani, na kiu imemrudia! Akaenda kwenye simu, akampigia kasisi mmoja, akaomba aonyeshwe mlevi wa kuzungumza naye. Akapewa majina kama kumi, akapiga moja baada ya jingine, mpaka akampata mama mmoja aliyeitwa Henrietta Seiberling.

Mama huyo alikuwa na mtu. Dkt. Bob Smith, daktari wa upasuaji, alikuwa akihudhuria maombi ya Oxford Group pamoja na mkewe Anne, na wenzake walikuwa wamempigia magoti wakimwombea. Bado alikunywa. Siku iliyofuata, Jumapili ya akina mama, alikuja akiwa na hangova na sharti la kuketi dakika 15 tu. Waliongea zaidi ya saa sita! Bill hakumhubiria. Alimsimulia ulevi wake mwenyewe, na daktari akajisikia akisimuliwa yeye.

Wiki chache baadaye Bob alisafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari, akaanguka tena. Hawakumfukuza. Walimpokea, wakamuuguza, na tarehe 10 Juni 1935 akanywa bia yake ya mwisho. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani AA. Kisha wawili hao wakaenda hospitalini kumtafuta wa tatu, mwanasheria, naye akaacha. Pale Akron walisoma sana Waraka wa Yakobo na Mahubiri ya Mlimani, kwa hiyo anayedhani mambo haya yalianzia mbali na Neno hajui historia.

Bill hakuwa malaika. Aliteswa na huzuni nzito kwa miaka, na sigara ziliharibu mapafu yake. Alifariki tarehe 24 Januari 1971, siku ya ukumbusho wa ndoa yake. Lois alikuwa ameanzisha Al-Anon mwaka 1951, kwa ajili ya jamaa za walevi. Akina mama mnaofungua mlango saa nane za usiku, hiyo ni yenu.

Hapa Kenya mikutano ya AA ipo. Hakuna kiingilio, hakuna fomu, jina lako la kwanza linatosha, na unaweza kukaa kimya ukasikiliza tu. Yanayosemwa mle hayatolewi nje. Hawatakuhubiria Yesu kwa jina, na wapo wapendwa wanaokwazika na hilo. Mimi sikwaziki, kwa sababu Jumapili unamsikia hapa. Ukikosa pa kuanzia, laini ya NACADA ni 1192, haina malipo. Na kama unaogopa kuingia peke yako, niambie baada ya ibada, tutaenda pamoja nikungoje nje.